Chagua Anayeonya

Jumapili, tarehe 16 Novemba. Asubuhi mawingu mazito upande wa Urambo, joto la kufukuta, hakuna upepo. Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Tangu hapo inatishia tu.

Kaka Shija,

Shikamoo.

Nimeliandika hilo neno, kisha nikanyamaza kidogo kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Humu kwenye daftari huwa naandika mambo yangu mwenyewe: nimeamka vipi, dukani kumeuzwa nini, nimelala saa ngapi. Leo nakuandikia wewe, kwa sababu jambo lililotokea leo sina mwingine wa kumweleza asiyeanza kwanza kwa kupiga yowe. Ni habari za buibui wako. Ni habari za Mama pia, lakini nitazifikia polepole. Ukinikatisha nitapotea.

Chumba chako Mama hajakigusa sana. Godoro tumeliegemeza ukutani, shati lako la kazi bado liko kwenye msumari. Rafu iko palepale, ile uliyoiunga kwa mbao za mataruma mabovu ya reli, na bado inanuka oili siku za joto. Makopo yote yalikuwa juu yake kama ulivyoyaacha, na visanduku vile vya vioo ambavyo fundi wa madirisha alikukatia huku akikuapia kwamba hataingia kwako hata kwa kuburutwa.

Mtaani wanasema uling'atwa. Siku ya tatu ya msiba Mama Hamisi wa vitumbua alinishika mkono, akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini ambayo uani wote waliisikia: "Eti mwanangu, ni lile jekundu lililomuuma, au lile lenye mapaja?" Nikamwambia ni figo, madaktari wamesema figo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyepewa uongo wa adabu. "Haya," akasema, "na figo nazo huwa zina kilichozianza." Wewe ungecheka mpaka ukae chini. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikalia.

Arobaini yako tuliimaliza Jumamosi ya wiki juzi. Baada ya kula, wazee walikaa uani kugawa vitu vyako. Koti la mvua alichukua mwenzako wa genge la reli, yule mliyekuwa mkishindilia naye kokoto upande wa Kigwa. Baiskeli imekwenda kwa mtoto wa shangazi. Viatu vya kazi walimpa Baba Mdogo, aliyekuja na basi kutoka Igunga akiwa na fimbo yake ya kuchungia, kama vile ng'ombe wa Ziba wamemfuata nyuma.

Nikuambie kuhusu hivyo viatu, maana vimenikaa rohoni. Agosti ulianza kwenda kazini na kandambili. Mama alipokuuliza, ukasema viatu vimesinyaa kwa mvua. Agosti, Kaka. Vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye sufuria. Sisi tukacheka tu, tukasema Shija ameanza mambo yake. Sasa Baba Mdogo, unayemjua miguu yake, alikaa kwenye kigoda, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akasimama na kutembea uani. Vilimwenea. Vilimwenea vizuri kabisa. Mama alikuwa anaosha sahani, akaacha kuosha. Nilijua anaona nilichokuwa naona: viatu havikuwahi kusinyaa. Ni miguu yako iliyokuwa imevimba, na ulijua, ukaificha chini ya meza kila tulipokula.

Basi ikafika zamu ya rafu.

Mzee mmoja wa ukoo akatania: "Mifugo ya marehemu nayo hugawiwa. Haya, nani anachukua majike?" Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Baba Mdogo hakucheka. "Mfugo ni ng'ombe," akasema. "Mfugo ni mbuzi. Kuku naye tumemvumilia. Hii ni balaa iliyotiwa kwenye kopo. Leteni mafuta ya taa." Halafu akanigeukia. "Na wewe binti, mchana unauza dawa ya kuua wadudu, jioni unarudi kuwalisha wadudu. Hicho kichwa chako kinalala upande gani?"

Kwa kweli hata mimi huwa nashangaa. Nikitoka duka la pembejeo lazima nivue nguo zote, nioge na kusugua kucha kwa jivu, ndipo nisogee karibu na rafu, kwa sababu uliniambia harufu tu ya dawa kwenye mikono yangu inatosha kuwaua wote. "Acha duka dukani," ndivyo ulivyokuwa unasema. Bado naoga hivyo hivyo.

Ni Mama aliyewajibu. Unajua Mama alivyo na buibui wako. Miaka yote hiyo hajawahi kuvuka kizingiti cha chumba chako, chakula chako alikuwa anakiweka mlangoni na kugonga. Alisimama, akafuta mikono kwenye kanga, akasema: "Makopo mawili. Achague anaowaweza, wale aliofundishwa na mwenzake. Wengine warudi walikotolewa. Asichomwe hata mmoja. Mwanangu hakuwahi kuchoma kitu chenye uhai." Baba Mdogo akasema sawa, ila siku akija akasikia mmoja ametoka kwenye kopo, atauwasha moto yeye mwenyewe na hatamuuliza mtu.

Ndivyo nilivyoachiwa kuchagua.

Ungekuwepo, ungecheka tena, maana ulikuwa umeniahidi hilo hilo. "Mvua zikianza, mdogo wangu, tutaongeza. Umemaliza watoto, sasa unaingia wa kati. Na utachagua mwenyewe." Ulikuwa unawapanga kama shule. Ulisoma kwenye simu kwamba wapole wa kweli, wale wa kuanzia, wako Amerika huko, wanatembea kwenye kiganja kama kifaranga. "Huku kwetu darasa la kwanza hakuna," ukasema. "Mungu ametuanzishia katikati." Ndiyo maana ulinianzisha na watoto wa buibui, wadogo kama punje ya mtama, kila mmoja kwenye kikopo chake, nikajifunza kudondosha tone la maji bila kuwazamisha na kumvunja nyenje miguu ya nyuma kabla ya kumwangusha ndani. Nilijifunza pia kutumia brashi ya rangi badala ya vidole. Wale wote nimewarudisha porini. Wamekua vya kutosha.

Walibaki wakubwa wa aina tatu. Nilikaa nao jioni mbili mfululizo, nikawapima kama ulivyokuwa unawapima.

Mapaja ndiye wa kwanza, na kwake sikusita. Miguu yake ya nyuma minene kama imevaa suruali ya manyoya, taratibu zake, shimo lake alilolichimba mwenyewe mpaka chini ya kopo. Ukisahau kumpa maji wiki moja, anakusamehe. Ukimsogelea vibaya, anainua miguu ya mbele, anakuonyesha meno, anangoja. Anakupa nafasi ya kurudisha mkono.

Kazi ilikuwa kwa wa pili. Kulikuwa na yule wa mtini uliyemleta kutoka Ulyankulu, uliyemkuta kwenye ufa wa mti uliokatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku. Mwembamba, mwenye aibu, siku nyingi huoni ila ncha ya mguu kwenye utando. Na kulikuwa na Moto.

Moto ulimpenda kuliko wote, usikatae. Ulimtoa kwenye tuta la reli kule Kigwa kwa unyasi, ukimtekenya mlangoni kwake asubuhi nzima mpaka msimamizi akakutishia. Rangi yake hiyo, kama makaa yaliyopulizwa. Nilitaka kumchagua. Niliweka kopo lake mapajani nikawa nasema, huyu ndiye Shija mwenyewe, huyu akibaki, kitu chako kikubwa kimebaki. Nilikuwa nimeshaamua.

Lakini nikakumbuka uliyoniambia siku ile aliponikimbilia juu ya koleo la kumlishia, nikaangusha kopo na kupanda kitandani. Hukunigombeza. Ulimrudisha, ukafunika, ukaniambia: "Usiulize buibui anang'ata vipi. Wote wanang'ata. Uliza kama anaonya au haonyi. Wa kati ni yule anayeonya. Moto haonyi, anatoka tu. Chagua anayeonya, hata kama si mzuri wa kutazama." Kumpenda kwako si sababu ya kumweka kwenye nyumba ya Mama. Nikamchagua wa mtini, ambaye akitishwa hutikisa utando kwanza, kisha hurudi nyuma.

Moto nilimpeleka Kigwa. Kopo nililifunga kwa kanga, nikalipakata njia nzima, na abiria wa pembeni akaniuliza kama nimebeba asali, nikasema ndiyo. Mwenzako wa genge alinionyesha sehemu yenyewe. Shimo lake la zamani lilikuwa bado lipo, limezibwa na mchanga. Ulipenda kusema kwamba wapagazi wa zamani, na pembe zao za ndovu mabegani, walipita juu ya buibui hawa hawa waliolala fofofo mashimoni, na kwamba ni hawa tu ambao hawakuhama na hawakumbebea mtu mzigo. Nikafungua kifuniko. Nilidhani atasitasita kidogo. Hakusitasita. Alitoka kama kijinga cha moto kilichorushwa na kupotea kwenye kokoto. Nilibaki nimeshika kopo tupu, na hapo, Kaka, nikakukasirikia.

Sijawahi kukukasirikia tangu ufe. Nilikaa kwenye tuta nikakukasirikia kwa sauti, mwenzako akasogea mbali akajifanya anakagua reli. Maana wewe ndiye uliyenifundisha hilo neno. Chagua anayeonya. Na wewe ulituonya nini? "Uchovu wa kokoto." "Nimekula chumvi nyingi." "Viatu vimesinyaa." Tulikupeleka hospitali Ijumaa, Jumatatu tunachimba kaburi. Hukuinua hata mkono mmoja, Shija. Hukutikisa chochote. Ulitoka tu.

Basi. Nimeshalisema. Sitalirudia.

Sasa ya leo.

Alhamisi mvua iliponyesha, kumbikumbi walitoka kwa wingi. Mama alikaanga bakuli zima, tukala na michembe ya viazi. Nikachagua wanono nikampelekea wa mtini, akawanyakua. Mapaja hakugusa. Ijumaa hakugusa. Jana nikaona ameziba mlango wa shimo lake kwa utando, nikasema moyoni, huyu naye anakwenda. Mlinzi wa duka letu ana msemo, kwamba mali ya mtu humfuata mwenyewe. Nilianza kuuona ni kweli. Nilijiona nimechagua vibaya, katika makopo mawili tu niliyopewa.

Leo asubuhi nilifungua dirisha ili nione vizuri. Mapaja alikuwa ametoka shimoni usiku. Alikuwa amelala chali katikati ya kopo, juu ya utando mweupe alioutandaza kama shuka, miguu yote imeelekea juu. Hakutikisika.

Ulinifundisha, najua. Uliniambia maana ya buibui kulala chali. Lakini watoto wa buibui hujivulia mashimoni, unakuja kukuta ngozi tu, kwa hiyo kwa macho yangu sikuwahi kuona. Na niseme ukweli, tangu ile Jumatatu kila kilicholala chali naona ni wewe. Shuka jeupe, miguu, ukimya. Sikufikiri kabisa. Nilichukua kijiko cha kuchotea udongo, nikainua kifuniko, nikawa namwendea ili nimtoe nikamzike penye ua wa mnyaa, kabla Mama hajaona.

"Acha hapo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama alikuwa amesimama ndani ya chumba. Ndani, Kaka, upande huu wa kizingiti. Ameshika mwiko, kanga imemteleza, anamtazama Mapaja kama mtu anayetazama mwizi.

"Usimguse. Mwenzako alisema aliyelala chali asiguswe."

Nikamwambia, Mama, amekufa.

"Aliyekufa anakunja miguu chini yake kama ngumi. Huyu kafungua. Anavua nguo huyo. Shija kayasema hayo humu ndani mara ngapi? Mimi nilikuwa nasonga ugali, si kwamba nilikuwa kiziwi."

Fikiria. Miaka yote ile ukinifundisha, ukuta ule mwembamba, na yeye yuko jikoni na mwiko wake. Amesikia somo lote. Nadhani analijua kuliko mimi.

Akasema leta kigoda, nikaleta viwili. Tukakaa. Ugali uliungua, tukauacha uungue. Kwa muda mrefu hapakuwa na chochote, mpaka Mama akaanza kunung'unika, "Haya mama, haya mama, sukuma," kama mkunga, na sijui kama alikuwa ananitania au alikuwa hana habari kwamba anasema. Kisha gamba la juu likafunguka kama kifuniko, na tukaona ngozi ya ndani, laini, nyeupe iliyopauka. Akaanza kuitoa miguu, mmoja mmoja, taratibu, kama unavyovua soksi zenye maji. Ile ya nyuma, minene, ilimsumbua. Mama alinishika goti na kulibana mpaka ukatoka mguu wa mwisho.

Alipogeuka na kukaa kwa miguu yake, ngozi ya zamani ilikuwa kando yake, nzima, na mapaja yake na manyoya yake. Mtu asiyejua angedhani wapo wawili.

Nililia kwa furaha, halafu kilio kikageuka katikati. Naona unajua kwa nini. Ile Jumatatu nilikaa hospitali nikikutazama vivyo hivyo, nikijua habari za buibui na nikijua wewe si buibui, na bado nilingoja. Walipokuja kukufunika niliwaambia wangoje kidogo. Nesi akangoja, Mungu ambariki. Hukugeuka.

Mama aliningoja mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, bila kunitazama, macho yake kwenye kopo: "Na mimi nina jambo. Kifua kinanibana. Tangu msiba. Nikipanda ngazi za kanisani nasimama katikati. Nilisema nisiwaongezee mzigo." Akavuta kanga. "Sasa huyu mdudu hana hata ulimi, anainua miguu watu wanajua. Mimi na mwanangu tuna ndimi tukakaa kimya. Hivyo nakuambia."

Nilimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na joto la leo lilivyo.

Kesho nampeleka hospitali. Nimeshamtumia ujumbe mwenye duka, akajibu "sawa, pole". Nimeandaa kadi, kanga ya pili, chupa ya maji, na mandazi ya foleni. Sijui watatuambia nini, na naogopa. Ni hospitali ile ile, kiambaza kile kile cha kijani. Nitapita mlango wa wodi yako nikiwa nimemshika Mama. Lakini safari hii tunakwenda na mtu anayetembea kwa miguu yake.

Kabla hajalala aliniomba ngozi ya Mapaja. Nikampa kwenye kifuniko. Ameibeba hivyo hivyo, amenyoosha mkono mbali na mwili kama aliyebeba makaa, ameiweka juu ya kabati lake karibu na picha yako. Amesema Mama Hamisi akija atamwonyesha, tuone kama atamaliza vitumbua vyake.

Mapaja hatapewa chakula mpaka meno yake yakauke na kuwa meusi. Nimekumbuka, usiwe na wasiwasi. Wa mtini ametikisa utando nilipomsogezea maji, nikarudisha mkono. Siongezi wengine kwa sasa. Mvua zikitulia, na Mama akiwa mzima, tutakaa wawili tuchague, na nadhani ataniuliza yeye kwanza kama buibui huyo anaonya.

Pumzika, Kaka. Miguu yako haikuumi tena na viatu vina mtu wa kuvivaa. Sina cha kukuahidi ila hiki kimoja, na nakiahidi mbele ya rafu yako: nikiumwa nitasema. Hata kama ni usiku, au kama ni jambo la aibu, au Mama ana msiba mwingine, nitainua mikono yote miwili na kusema.

Mdogo wako,
Kabula

Mama amelala, namsikia akikoroma. Nazima taa saa tatu na nusu.